Lord Airlie, Mskoti aliyefungua daftari za hesabu za Malkia Elizabeth

Watu wengi waliotazama mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili kwenye televisheni, Septemba 19, 2022, walimwona bwana mmoja ndani ya Kanisa la Mtakatifu George kule Windsor akishika fimbo nyembamba nyeupe, akiivunja katikati, kisha akivilaza vipande vyake juu ya jeneza. Bwana yule ni Lord Parker, aliyepata kuwa mkuu wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza. Kwa tendo lile alikuwa anafunga utumishi wake kwa malkia. Cheo alichokuwa nacho wakati ule kinaitwa Lord Chamberlain, na fimbo ndiyo alama yake.

Kwa wengi habari inaishia hapo kwenye fimbo. Anayeishia hapo hawezi kuelewa ufalme wa Uingereza uliivukaje miaka ya 1990, miaka ambayo ndoa za watoto watatu wa malkia zilivunjika, kasri likaungua, Diana akafa, na wananchi wakaanza kuuliza kwa sauti kubwa wanalipia nini na kwa nini. Majibu ya maswali hayo yaliandaliwa kwa sehemu kubwa na Mskoti mmoja aliyeishika fimbo ile kuanzia Desemba 1984 hadi mwisho wa 1997: David Ogilvy, Earl wa 13 wa Airlie (Earl ni cheo cha kurithi cha ukabaila). Ukiyafuata maisha yake, unaelewa mambo mawili ambayo hata Waingereza wenyewe huyachanganya: nani hasa anaendesha nyumba ya kifalme, na fedha zake zinatoka wapi.

Vyeo vinavyofanana majina

Tuanze na vyeo, maana hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Katika shughuli za kitaifa za Uingereza utawaona mabwana watatu wenye mavazi ya fahari, na magazeti huwachanganya mara kwa mara. Wa kwanza ni Earl Marshal. Cheo hiki ni cha kurithi, kimo mikononi mwa ukoo wa Duke wa Norfolk, na kazi yake ni kupanga kutawazwa kwa wafalme na mazishi ya kitaifa. Wa pili ni Lord Great Chamberlain, naye pia huingia kwa urithi, na mamlaka yake yamebaki kwenye jengo la Bunge la Westminster. Hao wawili unaweza kuwaona mara chache katika miaka mingi na usikose kitu kikubwa.

Wa tatu ndiye Lord Chamberlain tunayemzungumzia. Yeye harithi; huteuliwa na mfalme mwenyewe, na kazi yake ni ya kila wiki. Ofisi yake hupanga ziara za marais wa nje, harusi za kifalme, utoaji wa nishani na karamu za bustanini ambazo kila moja hukusanya wageni wapatao 8,000. Kwenye dhifa za kitaifa ilikuwa desturi atembee kinyumenyume mbele ya malkia na mgeni wake, uso ukiwaelekea, ili asiwape mgongo.

Cheo hiki kimebadilika sana. Hadi 1924 kilikuwa cha kisiasa. Serikali ikianguka, Lord Chamberlain naye anafungasha. Hadi 1968 ofisi hiyohiyo ilikuwa na mamlaka ya kuhakiki tamthilia: tangu sheria ya mwaka 1737, hakuna mchezo mpya ulioruhusiwa kuonyeshwa jukwaani kwa umma bila idhini yake, na maafisa wake walikuwa wakikata mistari waliyoona haifai. Bunge lilipoiondoa kazi hiyo, ofisi ikabaki na sherehe. Mtangulizi wa Airlie, Lord Maclean, naye Mskoti na mkuu wa ukoo wa Maclean, aliziendesha kwa ustadi mkubwa. Lakini idara za kasri zilikuwa hazina mtu anayeziunganisha. Katibu wa malkia alikuwa na himaya yake, mtunza fedha yake, msimamizi wa jikoni na watumishi yake, wa mazizi yake. Kila mmoja alikwenda kwa malkia kivyake.

Hapo ndipo Airlie alipoingia.

Ukoo uliolipa kwa moto na kwa shoka

Ili kuelewa kwa nini malkia alimwamini kiasi kile, inabidi kurudi Angus, mashariki mwa Uskoti, kwenye mabonde ya Clova na Prosen yaliyo chini ya milima ya Grampian. Akina Ogilvy wako huko tangu enzi za kati. Mwaka 1639 Mfalme Charles wa Kwanza alimpa mkuu wao cheo cha Earl. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya kusimama na mfalme, jeshi la Earl wa Argyll, mkuu wa akina Campbell, lilifika na kuichoma ngome ya Airlie. Waskoti wana wimbo wa kale kuhusu moto huo na wanauimba hadi leo. Mtoto wa yule Earl alitekwa kwenye mapigano ya Philiphaugh mwaka 1645 na kuhukumiwa kukatwa kichwa. Dada yake alimtembelea gerezani St Andrews, wakabadilishana nguo, na mfungwa akatoka mlangoni akiwa amevaa kike.

Karne moja baadaye ukoo ulirudia mkondo uleule. Mwaka 1745 kijana wa nyumba hiyo aliunda kikosi cha wanaume wa Angus kumpigania Charles Edward Stuart, mdai wa kiti cha enzi aliyekuja kushindwa Culloden. Kijana huyo akakimbilia Norway, kisha Ufaransa, na ukoo ukanyang'anywa cheo. Alisamehewa mwaka 1778, lakini cheo chenyewe hakikurudi hadi 1826. Kwa hiyo watu hawa hawakuwa chawa wa kasri. Walijua kwamba kumtumikia mfalme kuna bei, na kwa vizazi kadhaa walikuwa upande ulioshindwa.

Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 utumishi wao ulihamia ndani ya nyumba. Babu yake David, Earl wa 11, aliuawa Afrika Kusini Juni 1900 kwenye mapigano ya Diamond Hill, vita ya Waingereza na Makaburu. Mjane wake, Mabell, akawa mwandani wa Malkia Mary, mke wa Mfalme George wa Tano, kwa takriban miaka 50. Baba yake David, Earl wa 12, alikuwa Lord Chamberlain katika nyumba ya Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George wa Sita, yule ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kama Mama Malkia. Na hapa jiografia nayo inafanya kazi: ngome ya Cortachy wanakoishi akina Ogilvy haiko mbali na Glamis, nyumbani kwa wazazi wa Mama Malkia. Familia hizi zilikuwa majirani kabla ya kuwa mabwana na watumishi.

David alizaliwa London Mei 17, 1926, chini ya mwezi mmoja baada ya Elizabeth mwenyewe. Walicheza pamoja utotoni. Kuna kisa ambacho yeye mwenyewe alipenda kukisimulia: alipotimiza miaka 5 alipewa kigari cha kukanyaga kwa miguu, Elizabeth akakitaka, na mwenye kigari ikabidi ashuke. Mei 1937, akiwa na miaka 10, alimhudumia baba yake kama mtumishi mdogo wa heshima kwenye kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita. Mtoto wa aina hiyo hukua akizijua ngazi, milango na hasira za kasri kabla hajajua kuandika barua.

Lakini yeye hakubaki kasri. Hili ndilo lililomtofautisha na watumishi wengi wa kifalme wa rika lake. Baada ya shule ya Eton aliingia kikosi cha Scots Guards, akatumikia Ujerumani, Austria na Malaya, kisha akasoma kilimo kwa sababu alikuwa anatarajiwa kurithi ardhi. Mwaka 1952 alimwoa Virginia Ryan, Mmarekani, mjukuu wa Otto Kahn aliyekuwa mmoja wa wenye benki wakubwa wa New York. Virginia alikuja kuwa mwandani wa malkia kuanzia 1973, na alikuwa Mmarekani wa kwanza kushika nafasi hiyo. David mwenyewe aliingia benki ya uwekezaji ya Schroders kule London mwaka 1953, na kufikia 1977 ndiye mwenyekiti wa kampuni nzima. Alipoitwa na malkia alikuwa na miaka 58, na miaka 30 hivi ya kusoma mizania ya kampuni za watu wengine.

Mdogo wake, na kashfa iliyofika Dar es Salaam

Msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kusimama kidogo hapa. Mdogo wake David, Angus Ogilvy, alimwoa Princess Alexandra, binamu wa malkia, mwaka 1963, na akakataa kupewa cheo cha Earl. Angus naye alikuwa mtu wa fedha za London. Mwaka 1961 ndiye aliyemtafuta Tiny Rowland na kumleta kwenye kampuni ndogo ya migodi na ardhi iliyoitwa London and Rhodesian, ambayo dunia iliijua baadaye kwa jina la Lonrho. Chini ya Rowland kampuni hiyo ilienea Afrika nzima: nchini Kenya ilinunua gazeti la Standard mwaka 1967, nchini Tanzania ilikuwa na mashamba na biashara za kila aina hadi serikali ya Mwalimu Nyerere ilipoifukuza mwaka 1978 kwa sababu ya mahusiano yake na Rhodesia ya Ian Smith.

Mwaka 1973 wakurugenzi wa Lonrho walifikishana mahakamani, na siri za malipo yaliyofichwa nje ya nchi zikamwagika hadharani. Waziri Mkuu Edward Heath alisimama bungeni akaiita sura mbaya na isiyokubalika ya ubepari. Ripoti ya serikali ya mwaka 1976 ilimlaumu Angus kwa uzembe katika majukumu yake ya ukurugenzi, naye akajiuzulu kwenye bodi zote alizokuwamo. Sidhani mtu anaweza kuelewa msimamo wa kaka yake kuhusu hesabu safi bila kukumbuka kwamba aliona kwa karibu jinsi daftari chafu la kampuni lilivyoweza kulichafua jina la familia ya malkia.

Fedha za mfalme: mifereji mitatu isiyopaswa kuchanganywa

Sasa twende kwenye fundo lenyewe. Mtu akiuliza "mfalme wa Uingereza ana fedha kiasi gani", jibu lolote la tarakimu moja ni la uongo, kwa sababu kuna mifereji mitatu.

Wa kwanza ni mali anazozishika kwa niaba ya taifa: makasri rasmi, vito vya taji, na mkusanyiko mkubwa wa picha na samani za kifalme. Hizi haziuzwi wala hazigeuzwi fedha. Wa pili ni mali zake binafsi, kama vile Balmoral na Sandringham, pamoja na hisa na akiba, na karibu na hapo kuna milki ya kale ya Lancaster ambayo mapato yake humwendea mfalme, ingawa hawezi kuiuza. Wa tatu ni fedha za umma anazopewa ili afanye kazi ya ukuu wa nchi.

Mfereji huu wa tatu una historia ya makubaliano. Mwaka 1760 Mfalme George wa Tatu, alipoona mapato ya ardhi za Taji hayamtoshi kuendesha utawala, aliyakabidhi Bungeni, naye akapewa fungu la kudumu la pauni 800,000 kwa mwaka. Fungu hilo liliitwa Civil List. Tangu hapo kila mfalme mpya amerudia makubaliano hayo. Ardhi zenyewe, ambazo leo zinaitwa Milki ya Taji, zinajumuisha mitaa ya gharama kama Regent Street jijini London na sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ya Uingereza, Wales na Ireland Kaskazini. Faida yake huingia hazina ya serikali. Mfalme hawezi kuichota.

Elizabeth alipoanza kutawala, Bunge lilimpangia pauni 475,000 kwa mwaka na kudhani zitatosha utawala mzima. Mfumuko wa bei ukazila. Mwaka 1969 mumewe, Philip, aliiambia televisheni ya Marekani kwamba mwaka unaofuata wataanza kuendesha nyumba kwa hasara, na huenda ikabidi aache mchezo wa polo. Wafanyakazi wa migodini na viwandani walilisikia hilo la polo, na hawakulisahau. Mwaka 1972 fungu lilipandishwa hadi pauni 980,000, lakini mfumuko wa miaka ile ulikuwa mkali zaidi, na kuanzia hapo serikali ikawa inaongeza kila mwaka. Na kila mwaka magazeti yakawa na kichwa kilekile: malkia aongezewa mshahara. Haukuwa mshahara hata kidogo. Karibu zote zilikwenda kulipa wafanyakazi na gharama za kazi. Lakini nani angeeleza, wakati kasri lenyewe halikuwa na hesabu zinazoeleweka?

Juu ya hayo, matengenezo ya makasri yalikuwa mikononi mwa wakala wa serikali wa majengo. Bomba likipasuka Buckingham, aliyeamua fundi gani aje na kwa bei gani alikuwa ofisa wa wizara. Malkia alikuwa mpangaji ndani ya nyumba yake.

Kurasa 1,393

Airlie alianza kwa kutazama na kusikiliza, akizunguka idara moja baada ya nyingine. Alichokiona kilimtia hofu ya aina moja: kwamba kama kasri halitajisafisha lenyewe, serikali italifanyia usafi, na ikishalifanyia, haitaondoka. Mwenye kushika mfuko ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo mwaka 1986, kwa ridhaa ya malkia, alimleta Michael Peat, mhasibu kutoka kampuni iliyokuja kuwa KPMG, aichambue nyumba nzima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ripoti ya Peat ilikuwa na kurasa 1,393 na mapendekezo 188. Ukubwa huo pekee unaonyesha ni kiasi gani cha mambo hakikuwa kimeulizwa kwa miaka. Iligusa ununuzi, ajira, mishahara, matumizi ya nishati, hata vyumba vya kulia ambavyo watumishi walitengwa kwa madaraja, kila daraja na meza yake na wapishi wake. Wazee wa kasri walinung'unika. Mtu aliyezoea kula na wa cheo chake tangu ujana haambiwi kirahisi kwamba meza yake ni hasara. Lakini mapendekezo mengi yalitekelezwa ndani ya miaka michache, na nadhani sababu ni Airlie mwenyewe. Kama angekuwa waziri au mshauri wa kukodishwa, wangempinga waziwazi. Huyu bibi yake alikuwa mwandani wa Malkia Mary, baba yake alimtumikia Mama Malkia, mkewe alikuwa anaongozana na malkia. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui mila.

Yeye mwenyewe akaigeuza nafasi yake iwe kama uenyekiti wa bodi. Wakuu wa idara waliendelea kuongoza idara zao, lakini sasa walikaa meza moja, wakaleta bajeti, wakaulizana. Mfumo huo bado unatumika hadi leo, na ndio maana nafasi hiyo imekuwa ikishikwa na watu kama mkuu wa zamani wa MI5.

Matunda ya kwanza yalikuja Julai 1990. Serikali ya Margaret Thatcher ilikubali kupanga Civil List kwa miaka 10 mfululizo, pauni milioni 7.9 kila mwaka, ili kelele za kila mwaka ziishe. Hesabu ilifanywa kwa kudhani mfumuko wa bei utakuwa asilimia 7.5. Ulikuja kuwa chini zaidi ya hapo, na kwa kuwa kasri lilikuwa limejifunza kubana matumizi, kufikia mwaka 2000 kulikuwa na bakaa ya karibu pauni milioni 35. Serikali ya Tony Blair ikasema basi, bakaa itumike, na kiwango kikabaki palepale kwa miaka mingine 10. Mwaka 1991 nayo matengenezo ya makasri yaliondolewa kwa wakala wa serikali, yakarudi kwa nyumba ya kifalme, ikipewa ruzuku na kuitolea hesabu.

Moto, kodi, na mkutano wa waandishi

Novemba 20, 1992 taa yenye joto kali iliunguza pazia katika kanisa dogo la ndani ya Kasri la Windsor. Moto uliwaka saa 15, na vyumba 115 viliharibiwa. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya miaka 45 ya ndoa ya malkia. Waziri aliyehusika na urithi wa taifa, Peter Brooke, alitangaza haraka kwamba serikali italipa, kwani jengo ni la umma na halikuwa na bima. Kisheria alikuwa sahihi. Lakini nchi ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi, watu wanapoteza nyumba zao, na ghadhabu ikapanda: wao wenyewe hawalipi kodi, nasi tuwajengee?

Siku sita baadaye Waziri Mkuu John Major aliliambia Bunge kwamba malkia atalipa kodi ya mapato. Wengi waliamini, na wengi bado wanaamini, kwamba moto ndio uliomlazimisha. Si kweli. Airlie na Peat walikuwa wakiliandaa jambo hilo tangu mapema mwaka huo, wakipekua jinsi wafalme walivyokwepeshwa kodi hatua kwa hatua katika karne ya 20, wakati Malkia Victoria aliilipa tangu 1842. Moto uliharakisha tangazo, ukalifanya lionekane la kunyang'anywa badala ya la kutolewa. Hiyo ilikuwa hasara kubwa ya kisiasa kwa jambo lililokuwa limeiva.

Februari 1993 Airlie alikaa mbele ya waandishi wa habari katika Kasri la St James's kueleza mpango wenyewe. Magazeti yalikuwa yakiutaja utajiri wa malkia kwa mabilioni. Airlie alisema, kwa ruhusa ya malkia, kwamba hata makadirio ya chini kabisa, ya pauni milioni 100, yametiwa chumvi kupita kiasi. Ilikuwa nadra sana mtumishi wa kifalme kuzungumzia mfuko binafsi wa mfalme hadharani namna ile. Lakini hakutaja kiasi chenyewe. Na ndani ya mpango uleule kulikuwa na kifungu ambacho sijaacha kukiona kama doa: mali inayotoka kwa mfalme mmoja kwenda kwa mfalme anayemfuata haitozwi kodi ya urithi. Hoja iliyotolewa ni kwamba ufalme usiokuwa na mali zake hauwezi kuwa huru mbele ya serikali. Ni hoja ya Airlie tangu mwanzo, ile ya mwenye mfuko na mwenye kauli, na ina uzito. Ila mwananchi anayeuza nyumba ya marehemu mama yake ili alipe kodi hiyo ana haki ya kutoridhika nayo.

Kuhusu Windsor, njia iliyopatikana ilikuwa ya kibenki kabisa. Kasri la Buckingham lilifunguliwa kwa watalii kuanzia Agosti 1993, tiketi pauni 8, wakati familia iko Uskoti kwa mapumziko. Viingilio hivyo, pamoja na vya Windsor, vililipa sehemu kubwa ya ukarabati ulioishia kwenye pauni milioni 37 hivi. Kazi ilikamilika Novemba 1997, ikiwa chini ya bajeti.

Wiki ya Septemba

Airlie alikuwa na miaka 71 na alikuwa anamalizia muda wake Diana alipofariki Paris, Agosti 31, 1997. Hakukuwa na mpango wowote uliokuwa tayari kwa mtu wa hali yake: mama wa mfalme mtarajiwa, lakini aliyeachika na kuvuliwa hadhi ya kifalme. Kwa desturi, jambo lisilo na mfano huamuliwa kwa kutafuta lililokaribiana nalo. Ofisi ya Lord Chamberlain ilichukua mpango uliokuwa umetayarishwa kwa ajili ya Mama Malkia, ikaubadilisha ndani ya siku sita. Pale ambapo ingepita gwaride la wanajeshi, wakawekwa watu 500 kutoka mashirika ya hisani aliyoyasaidia Diana, wengine kwenye viti vya magurudumu, wakifuata nyuma ya jeneza. Njia ya msafara ilirefushwa hadi Kensington ili umati upate mahali pa kusimama. Kuhusu bendera, desturi ilikuwa nzito zaidi: juu ya Buckingham hupepea bendera ya mfalme pekee, tena akiwepo, nayo haishushwi nusu mlingoti kamwe. Baada ya siku za manung'uniko mitaani, bendera ya taifa ilipandishwa na kushushwa nusu. Tangu hapo bendera ya taifa hupepea pale mfalme asipokuwapo.

Airlie aliondoka mwisho wa mwaka huo, akarudi Cortachy. Kabla ya hapo alikuwa amesaidia kuanzisha vikao vya malkia, Philip, watoto wao na washauri wakuu, ambapo familia ilianza kujadili mapema mambo yaliyokuwa mwiko, ikiwemo nani alipwe na umma na kama wavulana waendelee kuwatangulia dada zao kwenye urithi wa kiti. Hilo la mwisho lilikuja kubadilishwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Alifariki Juni 26, 2023, nyumbani Angus, akiwa na miaka 97, miezi tisa baada ya malkia. Civil List ilikuwa imeshafutwa. Sheria ya mwaka 2011 iliweka mahali pake ruzuku moja inayokokotolewa kwa asilimia ya faida ya Milki ya Taji: ilianza asilimia 15, ikapandishwa hadi 25 ili kugharimia ukarabati wa Buckingham wa pauni milioni 369, kisha ikashushwa hadi 12 kuanzia mwaka wa fedha 2024-25. Hata kwa asilimia hiyo ndogo, ruzuku ilipanda kutoka pauni milioni 86.3 mwaka huo hadi milioni 132.1 mwaka 2025-26, kwa sababu kampuni za umeme wa upepo zinakodi sakafu ya bahari ya Taji kwa fedha nyingi. Kiasi cha mali binafsi aliyorithi Mfalme Charles hakijatangazwa, na kodi ya urithi hakutozwa, kwa mujibu wa mpango wa 1993. Asilimia ya ruzuku hupitiwa kila baada ya miaka 5 na wadhamini watatu: Waziri Mkuu, Waziri wa Fedha, na mtunza mfuko wa mfalme, kiti ambacho Michael Peat alikikalia kuanzia 1996 hadi 2002.